Kina cha Dikotiketa

Ubavuni mwa mashine palikuwa na kibao cha shaba,
herufi zake zimelika kwa utomvu wa mkonge,
na karani wa stoo, Bwana Hoza, akalisoma kwa sauti
kama anayeita jina la mgonjwa dirishani:
Dikotiketa.
"Singano," akamwambia baba, "wewe unayejidai kutunga,
nipe vina vya hilo. Kilo mbili za sukari.
Kiswahili hakina."

Baba akaja nalo kambi namba tatu, Ngomeni,
amelibana mdomoni kama seremala na msumari.
Hata salamu aliitikia kwa kichwa.
Mwenye kamusi nilikuwa mimi,
ya shule, haina jalada, herufi A imeliwa na mchwa.
Kidato cha pili. Nikajiona bingwa.

Leta, nikasema. Akakataa.
Teta. Seta, kama usetavyo muhogo.
Peta, pepeta, tepeta
(hapo alicheka, godoro letu lilikuwa limetepeta kwa mvua)
lakini akatikisa kichwa.
"Hicho kina cha mtu mwenye haraka ya kwenda kula.
Nataka -keta. Kianzie kwenye k."

Veta, nikasema, na kaka yangu Mbelwa,
aliyekosa nafasi huko mara mbili,
akanyanyuka akatoka nje.

Nikageukia maana ya Kiingereza,
labda maana ingetushika mkono:
chombo cha kuambua, cha kuondoa gamba.
"Kuambua," baba akarudia. "Si kuambulia."
Akautazama mkono wake wa kulia.

Usiku wa tano kamusi ikatoa mawili.
Keketa: kukata kitu kigumu kwa kisu butu, mbele na nyuma.
Kereketa: kuwasha kooni; pia kuudhi, kuuma moyoni.
Mawili tu.
Niliyasoma kwa koroboi, nikaona haya kumwambia,
maana kamusi ile, ambayo haikuwahi kukata mkonge,
ilikuwa imeieleza mashine kuliko kibao chake.

Baba alikaa ukingoni mwa kitanda, akaanza mizani.
Wengine wana vidole kumi,
hufika cha nane wakajizuia.
Yeye hakuwa na haja ya kujizuia.
Viwili vilibaki korona kabla sijazaliwa,
na tangu hapo, mama husema,
hajapata kuzidisha wala kupunguza.

Korona, ndivyo walivyoiita wenyewe,
miaka mingi kabla ugonjwa haujaja kuliazima jina
na watu wa mjini kutushangaa tukilitaja bila barakoa.
"Basi vya kati tunavyo," akasema. "Andika."

*Sisi twaita korona, wao ni dikotiketa,*
*Jani bichi likanona, meno yakalikeketa,*
*Vumbi hilo sijapona, koo lanikereketa,*
*Vinane mnavyoona, hesabu yangu timamu.*

Nilimwuliza kama niandike "hilo" au "lake".
Alikuwa amekwisha kulala.

Bwana Hoza aliisoma karatasi mara mbili juu ya kaunta,
akagonga kila silabi kwa kalamu,
akatafuta kosa kama atafutavyo gunia lililopungua.
Kisha akasema: mstari wa nne hauna -keta.
"Wa nne ni wangu," baba akamjibu.
"Ile mitatu ni ya kampuni."

Jioni ililetwa sukari, kilo moja na nusu.
Nusu nyingine, karani alituma kusema,
ameikata kwa ajili ya kina kilichokosekana.
Mama aliipima mkononi, akacheka hadi akakohoa,
akabandika chai.
Baba alikunywa akiwa amesimama mlangoni,
kikombe kakikumbatia kwa vidole vyote alivyokuwa navyo,
na midomo inacheza. Nikajua
kuna neno jingine analitafuta.